Winga wa Kariakoo Hana Cheti, Mwenye Cheti Hana Mteja

Msimu wa udahili ukifika, mabango ya vyuo vya kati hujaa kwenye nguzo za umeme na migongo ya daladala, na kozi ya masoko haikosekani. Miaka ya karibuni imeongezewa mkia: masoko ya kidijitali, masoko na biashara mtandao, ujasiriamali wa mtandaoni. Sharti la kuingia si gumu. Ukiwa na D nne za kidato cha nne katika masomo yasiyo ya dini unaanza na astashahada ya awali, ngazi ya 4 kwenye mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, unapanda ya 5, na ukimaliza ya 6 una stashahada mkononi. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kipo tangu 1965. Nyuma yake vimefuata vyuo binafsi vya kila namna, vingine darasa lake ni ghorofa ya pili juu ya duka la simu.

Sina ugomvi na kozi yenyewe. Ugomvi wangu ni kuhusu kile tunachodhani mwanafunzi hakijui. Ukipitia noti na maswali ya mitihani ya zamani yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanachuo, unaona mwalimu akihangaika kumweleza kijana wa miaka 19 maana ya mtandao wa kijamii, faida tano za kutangaza mtandaoni na hasara tatu. Kijana huyo huyo, chini ya dawati, anajibu meseji ya mteja anayeuliza kama zile raba nyeupe zipo saizi 42.

Anajua kuposti. Anajua saa gani watu wako macho, anajua picha gani inanasa, na siku hizi programu za akili bandia zinamwandikia hata maneno ya tangazo. Ukimtoza ada ya mihula miwili kumfundisha hayo, umemuuzia maji akiwa ziwani. Kuna mambo asiyoyajua, na ni makubwa, ila hayapo pale mtaala unapoyatafuta.

Mwangalie kwanza winga wa Kariakoo, yule anayeuza mali ya maduka ya wengine kwenye soko kubwa la Dar es Salaam, kwa sababu yeye ndiye mhitimu asiye na joho wa fani hii. Hana fremu, hana stoo. Asubuhi anapita Mtaa wa Kongo, anakatiza Msimbazi, anapiga picha viatu vilivyoshushwa usiku, anaviweka status akiwa ameshapandisha bei juu ya bei ya duka. Mteja wa Mwanza akipenda, anatuma hela. Winga anaingia dukani, anachukua jozi yake, anaifunga kwenye kipande cha kiroba, anaandika jina na namba ya simu kwa maka peni nyeusi, anamkabidhi boda aiwahishe ofisi ya mizigo ya basi. Kisha anafanya jambo ambalo sijaliona kwenye noti yoyote: anapiga picha ile risiti ya basi na kumtumia mteja hapo hapo, kabla hajaulizwa.

Picha hiyo ya risiti ndiyo roho ya biashara nzima. Mteja aliyetuma hela kwa mtu asiyemjua anakuwa na kitu cha kushika: jina la basi, namba ya mzigo, namba ya simu ya ofisi ya kupokelea. Mzigo ukichelewa hampigii winga, anaipigia ofisi ya basi. Winga mzuri anajua pia kwamba mteja mpya haaminishwi kwa maneno matamu, kwa hiyo anampigia simu ya video akiwa amesimama dukani, anageuza kamera mteja aone rafu na watu wanaopita, anaikunja soli ya kiatu mbele ya macho yake. Wateja wa Lubumbashi, wa Bujumbura na wa Moroni wananunua kwa mtindo huo huo, kwa Kiswahili hicho hicho, na mzigo unapitia kwa wakala anayejua mpaka upi una foleni wiki hii.

Kuna vijana Ulaya na Marekani wanaolipia kozi wafundishwe kuuza bidhaa wasiyoimiliki kwa mteja wasiyemwona, mzigo ukatoka moja kwa moja kwa mwenye stoo. Winga anaifanya kabla hajanywa chai.

Sasa linganisha na duka la mtandaoni linalochorwa ubaoni: tovuti, kikapu, kadi ya benki, ghala, gari la kusambaza, mteja anayebofya na kusubiri mlangoni. Mfano huo si wa kubuni, kuna nchi unafanya kazi vizuri. Hapa ulijaribiwa na watu wenye fedha kuliko bajeti ya chuo chochote. Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012, iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019. Novemba ya mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania, siku chache baada ya kufunga Kamerun. Kenya kulikuwa na Copia, iliyojaribu njia iliyo karibu zaidi na mtaa: mteja wa kijijini anaagiza kupitia duka la jirani, mzigo unashushwa pale pale. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Sitaki kujifanya najua sababu moja iliyowaangusha wote wawili. Ila yeyote aliyewahi kumlipa boda kupeleka kitu kidogo kutoka Kariakoo hadi Bunju anaelewa shida inaanzia wapi: gharama ya kufikisha haipungui kwa sababu bidhaa ni ya bei ndogo.

Malipo hayakuwa tatizo kubwa. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na leo mama wa genge ana lipa namba iliyobandikwa kwenye ubao wa nyanya. Tatizo lilikuwa na bado ni nani atangulie. Mwenye kadi ya benki, akitapeliwa, anaweza kuilalamikia benki yake na hela ikarudi. Kwetu hela ikishatumwa kuirudisha ni kazi, na tapeli akishaitoa kwa wakala imekwisha. Kwa hiyo mteja anataka alipe akishaona mzigo, muuzaji anataka alipwe kabla hajautoa, na katikati yao amesimama boda mwenye haraka. Anwani tulizopewa kwenye ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 zipo ukutani, na boda bado anaelekezwa kwa msikiti na mti wa mwarobaini.

Hapo ndipo pana kazi ya chuo: hesabu.

Chukua mfano wa binti anayeuza magauni kwenye Instagram huku anasoma ngazi ya 5. Ananunua gauni kwa jumla 18,000, anauza 30,000. Ukimuuliza faida anasema 12,000 bila kupepesa. Sasa tumfuate kwenye oda kumi. Ili azipate alisponsa tangazo kwa 20,000. Bando la wiki, 10,000. Mifuko yenye jina la duka lake, shilingi 500 kila mmoja, jumla 5,000. Ameandika kwenye ukurasa wake kwamba usafiri ndani ya Dar ni bure, maana jirani yake naye kaandika hivyo, na boda anamtoza wastani wa 4,000 kwa safari, hivyo 40,000. Makato ya kupokea na kutoa hela tuyaweke 600 kwa kila aliyelipa.

Wateja wanane wanapokea na kulipa. Wawili hawapokei: mmoja kazima simu, mwingine kalijaribu gauni mlangoni akasema rangi si ile ya kwenye picha. Boda anarudi na mizigo miwili, na anadai 4,000 ya kurudi kwa kila mmoja. Piga hesabu. Magauni manane yameingiza 240,000, toa mtaji wake 144,000, zinabaki 96,000. Toa tangazo, bando, mifuko, boda wa kwenda 40,000, boda wa kurudi 8,000 na makato 4,800, jumla yake 87,800. Zimebaki 8,200. Kila gauni lililouzwa limempa shilingi 1,025, na katika magauni mawili yaliyorudi, moja lina lipustiki shingoni. Akiliuza hilo kwa 10,000 amepoteza 8,000 za mtaji, na wiki nzima ya kazi imemwachia shilingi 200.

Hakuna kilichoharibika kwenye masoko yake. Picha zilikuwa nzuri, tangazo lilifanya kazi, oda kumi zilikuja. Kama oda zote kumi zingepokelewa, angebaki na 39,000. Tofauti ya 39,000 na 8,200 imetokana na watu wawili tu. Mwenye kuelewa hilo hatumii wiki ijayo kutafuta wafuasi, anaitumia kupunguza mizigo inayorudi. Atapiga simu kabla boda hajawasha pikipiki, atapiga picha gauni kwenye mwanga wa jua badala ya kuiba picha ya kiwanda cha Guangzhou, ataomba nauli ya boda itangulie. Ile nauli peke yake, wakiilipa wale wanane waliopokea, ingempeleka kwenye 40,200 hata na wale wawili wakaidi wakiwemo. Atapoteza oda kadhaa kwa kuomba nauli mbele, na hilo nalo ni swali zuri la mtihani: apoteze oda ngapi ndipo nauli bure iwe nafuu zaidi?

Na sasa mrudie winga. Viatu visipotakiwa anavirudisha dukani kabla hawajafunga, kwa sababu alivichukua kwa makubaliano ya jioni. Hasara ya mzigo unaorudi ameiacha kwa mwenye duka, yeye anabeba ya boda peke yake. Hakuna aliyemfundisha kugawa hatari ya biashara, kaijua kwa kuungua. Asichojua ni kuiandika. Muulize mwezi uliopita amepata kiasi gani, atakuonyesha salio la simu. Muulize ni wateja wangapi wamerudi kununua mara ya pili, anakuna kichwa. Akitaka mkopo benki hana karatasi, na siku simu ikiibiwa Manzese, duka zima limeondoka nayo.

Upande wa sheria chuo kina mali kubwa zaidi, na sijui kwa nini kinaificha kwenye moduli ya sheria ya biashara ambayo kila mtu anaikariri usiku wa kuamkia mtihani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ina sehemu inayomlinda mlaji: muuzaji wa mtandaoni ajitaje ni nani na anapatikana wapi, aeleze bidhaa na bei kabla mteja hajafunga mpango. Halafu fungua simu usome “bei njoo inbox”. Nusu ya mtaa wa Instagram umejengwa juu ya kuficha bei, na mwanafunzi wa masoko anaona ndiyo ujanja wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa mambo ambayo wauzaji wanayafanya kila siku bila kufikiri: kuposti mazungumzo ya mteja kama ushuhuda huku namba yake inasomeka, au kumwanika mteja aliyekataa mzigo kwa picha na jina. Nimeona kurasa zenye safu nzima ya wateja walioanikwa hivyo, zikiitwa orodha ya matapeli.

Vipodozi ni mfano mwingine. Tangu 2019 chakula na vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, vilitoka kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Binti anayechota losheni kwenye ndoo na kuipakia kwenye vikopo visivyo na lebo, akaiita ya kung'arisha, hajui kama anacheza na ngozi za watu na vilevile na kesi. Na kodi je? Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka yamekuwa nje ya kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo wa makadirio, jambo ambalo wauzaji wengi wa mtandaoni hawalijui, ndiyo maana wanaiogopa TIN, namba ya mlipakodi, kama polisi. Mtu mwenye TIN na daftari anaweza kuiuzia shule au hoteli. Asiye nayo ataendelea kuuza gauni moja moja.

Kwa hiyo kila upande una nusu. Kinachozuia zisikutane ni utaratibu. Mwalimu wa stashahada anatakiwa awe na shahada, na sipingi, ila kanuni hiyo ikisimama peke yake inamaanisha mtu aliyepeleka mizigo mikoani kwa miaka kumi hawezi kusimama mbele ya darasa hata kwa saa mbili. Mwalimu naye, ambaye huenda hajawahi kuuza kitu mtandaoni, anafundisha P nne kama zilivyopangwa Marekani mwaka 1960. Bidhaa, bei, mahali, matangazo: ziko sawa, hazijaharibika. Ila “mahali” ya Kariakoo ni boda, basi, na dada wa dukani pale Kahama anayekubali kukuwekea mzigo hadi jioni, na hayo hayafundishiki kwa mchoro wa mishale.

Fildi ndiyo ingekuwa dawa, na ndiyo inayoniuma zaidi. Mwanafunzi wa masoko anazungusha barua benki, halmashauri, kampuni za simu. Akibahatika kupokelewa anapanga mafaili, anatumwa chapati, na wiki ya mwisho anaomba daftari lake ligongwe muhuri. Wiki nane zinapita hajaongea na mteja hata mmoja. Wiki hizo hizo angekaa na winga mmoja, akamwekea daftari la oda, zilizokwenda, zilizorudi na kwa nini, angemaliza na takwimu zake mwenyewe za kuandikia ripoti. Winga naye angebaki na hesabu ambayo hajawahi kuwa nayo.

Wapo watakaosema chuo si gulio, kwamba stashahada inampeleka mtu shahada na mwajiri anataka mtu anayejua kuandika mpango wa masoko. Ni kweli. Wapo wahitimu walioajiriwa kwenye mabenki na kampuni za bima kusimamia kurasa za mtandaoni, na kule mpango ulioandikwa vizuri una thamani. Lakini nafasi hizo hazitoshi kwa idadi inayohitimu, na hata huko bosi atakayeuliza “tangazo hili limetuletea nini?” anauliza swali lile lile la gauni, ila kwa tarakimu ndefu zaidi.

Yote haya nimeyasema kana kwamba nchi ni Dar es Salaam. Vyuo ambavyo vingefaidi zaidi huenda ni vile tunavyovisahau: vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa wazo lililotoka Sweden, watu wazima wa eneo wajifunze ufundi na maarifa ya kuwasaidia hapo hapo walipo. Vingi viko wilayani, karibu na mali. Kigoma kuna dagaa ambao mtu wa Dar yuko tayari kuwalipia mara kadhaa ya bei ya mwaloni wanakoshushwa, mradi awe na hakika hawana mchanga. Kyela kuna mchele unaoghushiwa jina kila soko la nchi. Sikonge kuna asali. Mama anayesomea ushonaji kwenye chuo cha namna hiyo hahitaji stashahada ya miaka mitatu, anahitaji majuma machache ya kujua kupima kilo kwa mzani wa kweli, kufungasha kwa namna ambayo TBS haitamrudisha, kupiga picha mchanga unapochekechwa, na kuhesabu nauli ya basi kwa kilo badala ya kwa mfuko. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamekuwa wakiwapa wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho kwenda TBS. Mwalimu anayejua njia hiyo tu ana thamani kuliko tovuti kumi za duka.

Kwa vyuo vya mjini pendekezo langu ni dogo. Mtihani wa mwisho wa ngazi ya 6 uwe na sehemu moja isiyokaririka: daftari la oda 50 ambazo mwanafunzi amezihudumia mwenyewe au akiwa na winga, pamoja na maelezo ya kila mzigo uliorudi. Walimu niliowagusia wanasema kikwazo kitakuwa fomu ya fildi, kwa sababu pale palipoandikwa “taasisi mwenyeji” panatakiwa muhuri, na winga hana muhuri. Viongozi wa wafanyabiashara Kariakoo wanao. Ofisi ya serikali ya mtaa inao, na mwenyekiti wake anawafahamu mawinga wa eneo lake kwa majina, maana ndiye anayesuluhisha kesi zao za mizigo.